Wiki Tano za Mwalimu Batista

Nyani namba kumi na saba alikufa Jumatatu asubuhi, na figo ya nguruwe aliyopandikizwa miaka mitatu iliyopita ilikuwa nzima kabisa.

Letisia Kihwele aliitoa kwa mikono yake, akaiweka kwenye sinia la chuma, akaitazama kwa muda. Ilikuwa laini, ina rangi ya waridi, haina kovu wala doa. Kisha akafungua kifua, na hapo mkasi ukamgandia mkononi. Mapafu yote mawili yalikuwa yamejaa vinundu vyeupe, vikubwa kwa vidogo. Alipokata kimoja, ndani mlikuwa na kitu kikavu kinachomeguka kama ukoko wa ugali.

"Nilikwambia, daktari, kile kikohozi si cha baridi," alisema Aidano, mtunza nyani, aliyekuwa amesimama mlangoni na ndoo yake ya viazi.

"Uliniambia."

"Mimi nilidhani hawa hawapatwi na kitu. Si ndio hawa mnaosema wanaishi bila dawa?"

Kituo cha Lugema kilijengwa juu ya vilima vya Mufindi, katikati ya chai, na jina lake lote kilikuwa kimelipata kwa jambo hilo alilolitaja Aidano. Zamani, mtu aliyewekewa kiungo cha nguruwe alimeza dawa za kuzima kinga ya mwili maisha yake yote, la sivyo mwili ungekikataa kiungo hicho na kukiua ndani ya siku chache. Lugema walipita njia nyingine. Kabla ya kuweka figo, walichukua kipande cha thaimasi ya nguruwe, ile tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua ambamo chembe changa za kinga hufundishwa nani ni ndugu na nani ni adui, wakakishona chini ya ngozi ya tumbo. Kila chembe changa iliyopita humo ilionyeshwa nguruwe na kufundishwa kwamba huyu ni wa nyumbani. Zilizobisha ziliuawa humohumo. Zilizobaki zilitoka zikaishi na figo ya nguruwe kana kwamba zilizaliwa nayo.

Walianza na nyani. Walipoona nyani wanaishi, wakaja watu, na mpaka mwaka huu walikuwa wamefika elfu tatu na ushee. Hospitali za mikoa zikaanza kuondoa mashine zao za kusafisha damu, moja baada ya nyingine, kwa kuwa hapakuwa tena na mtu wa kuja kulala pembeni mwake mara tatu kwa wiki. Katika hospitali ya wilaya, chumba cha mashine kilikuwa sasa ghala la magodoro.

Letisia alikata vipande vyembamba vya yale mapafu, akavitia rangi, akainamia hadubini. Kifua kikuu alikijua. Katika mwili wenye kinga, chembe hukizunguka kila kijidudu na kukijengea ukuta, na ndiyo maana nusu ya watu wa nchi hii hutembea nacho kimelala bila kuumwa. Hapa hapakuwa na ukuta. Bakteria walikuwa wamelundikana, na chembe za kinga zilipita kando yao bila kugeuka.

Akaenda kwenye kile kipande cha thaimasi kilichoshonwa tumboni. Ilimchukua siku mbili kuamini alichokiona. Ndani yake mlikuwa na bakteria wengine, wa kile kifua kikuu cha ndege ambacho nguruwe hukiokota wakifukua udongo. Kwa binadamu mwenye afya hakina madhara. Lakini ni binamu wa kifua kikuu chetu, na sura zao ni moja. Mgeni huyo alikuwa amejificha darasani miaka yote mitatu, akionyeshwa kwa chembe changa pamoja na nguruwe, nazo zikamkubali naye kuwa wa nyumbani. Zilizotaka kupigana naye ziliuawa kabla hazijatoka.

Thaimasi ile ilitoka katika toleo la nne, lililokuzwa kutoka kwa majike wawili wa shamba la Kidegembo. Letisia hakuhitaji kutafuta nani aliyewapima majike hao. Ni yeye. Miaka mitatu iliyopita aliwachoma sindano ya kipimo nyuma ya masikio, na baada ya saa arobaini na nane masikio yao yote yalikuwa na uvimbe mdogo, kama punje ya hindi. Kanuni ilisema nguruwe wa namna hiyo wasubiri siku sitini wapimwe tena. Mwezi huo mashine ya hospitali ya wilaya ilikuwa imeondolewa, na mdogo wake Batista alikuwa amevimba uso mpaka macho hayafunguki. Katika cheti Letisia aliandika kwamba masikio ni safi, akatia sahihi.

Watu waliopewa toleo la nne walikuwa mia mbili na kumi na wawili. Batista alikuwa wa sita.

* * *

Alimkuta shuleni Idunduma, mchana, darasa la saba likiwa limetoka kwenda kula. Batista alikuwa anafuta ubao, na mabega yake yalikuwa mapana tena kama zamani. Alipomwona alitabasamu, kisha akageuka kando akakohoa ndani ya kiwiko.

"Kamwene, dada. Umekuja bila simu."

"Kamwene. Hicho kikohozi kina muda gani?"

"Wiki mbili hivi. Huu ukungu wa huku."

Walikaa kwenye dawati la mwisho, magoti yao yakigusa mbao. Letisia alimweleza yote kuhusu nyani na thaimasi, polepole, akichora kwa kidole juu ya dawati. Kuhusu masikio ya wale majike hakusema.

Batista alikuwa mwalimu wa hesabu, akapanga maswali yake kama anavyopanga ubaoni.

"Dawa za TB?"

"Dawa hupunguza. Anayemaliza kazi ni kinga yako. Bila kinga wanarudi, tena wakiwa wamezoea dawa. Ndivyo ilivyo kwa kila mwili usio na kinga."

"Basi nirudishieni kinga yangu."

"Inawezekana. Tunatoa kile kipande, tunakutia chembe mpya zilizofunzwa kwenye thaimasi ya binadamu. Zitawaona bakteria." Aligusa mchoro wake juu ya dawati. "Zitaiona na figo."

"Na mkizizima kwa zile dawa za zamani?"

"Tutakuwa tumewafungulia bakteria mlango tena."

"Mashine?"

"Nchi nzima zimebaki kumi na moja."

Batista alitazama nje. Watoto walikuwa wamepanga foleni ya makande, wakisukumana. "Ukishapeleka ripoti, itachukua siku ngapi kabla hawajatuita?"

"Siku chache. Hawawezi kuwaacha watu mia mbili wakitembea na TB isiyotibika."

"Hawa wana mtihani wa taifa baada ya wiki tano," alisema. "Ni watoto sitini na wanne, na hapa hakuna mwalimu mwingine wa hesabu. Yule aliyeletwa mwaka jana alikaa mwezi mmoja akaondoka. Nipe hizo wiki tano, dada."

"Unakohoa, Batista."

"Nitafundishia barazani. Upepo wa hapa unaujua. Nitavaa barakoa, nitakaa mbali nao. Mtihani ukiisha nakuja mwenyewe, usinitumie gari." Akamgeukia. "Wakinifungua, mimi nimekwisha, na wewe unajua. Nataka niwafikishe hawa tu."

Letisia aliwafikiria wale wengine mia mbili na kumi na mmoja. Kila mmoja wao alikuwa na nyumba, na watu wanaolala ndani yake, nao wangepewa wiki tano hizohizo bila kuziomba wala kujua. Akamtazama mdogo wake, uso wake usio na uvimbe. Ilikuwa nafasi ya kumwambia habari ya masikio, maana kama angemwambia, labda Batista asingekuwa na ujasiri wa kumwomba kitu. Badala yake akasema sawa.

* * *

Katika wiki ya tatu Aidano alikuja ofisini kwake, akavua kofia.

"Namba ishirini na mbili naye ameanza kukohoa. Hajala tangu jana." Alisubiri. "Ile ripoti imefika huko juu?"

"Bado naihakiki."

Aidano alikuwa amefanya kazi na Letisia miaka kumi na minne na alijua kwamba ripoti zake huchukua siku mbili. Akavaa kofia yake, akarudi kwa wanyama wake, na tangu siku hiyo akawa anamwamkia bila kumtazama.

Mtihani uliisha siku ya Alhamisi. Ijumaa asubuhi Letisia alipeleka ripoti kwa Kamati ya Vipandikizi, yote, pamoja na cheti cha Kidegembo na maelezo ya masikio, na tarehe aliyompasua namba kumi na saba. Alidhani watakuja kumkamata. Hawakuja. Kamati ilimwandikia kwamba suala lake litaangaliwa baadaye, na kwamba kwa sasa kila mkono unahitajika.

Batista alifika Jumatano na begi moja dogo. Daktari mpasuaji alikitoa kile kipande cha thaimasi kwa dakika ishirini tu, ukubwa wake kama ulimi wa mtoto, na jioni wakamtundikia mfuko wa chembe mpya. Letisia aliomba kukaa naye. Hakuna aliyemkatalia.

Siku ya nne homa yake ilishuka. Siku ya sita picha ya mapafu ilionyesha kuta za kwanza zikijengwa kuwazunguka bakteria, nzuri, kamili, kama zilivyochorwa vitabuni. Siku hiyohiyo ubavu wake ulianza kuvimba na kuwa moto, na mkojo ukawa na rangi ya chai. Chembe zile zile, kwa uhodari ule ule, zilikuwa zimeikuta figo.

Siku ya tisa aliacha kukohoa. Siku ya tisa pia aliacha kukojoa.

Mashine kumi na moja zilipigiwa kura, na namba yake haikutoka. Walipomletea karatasi aliisoma, akaikunja mara nne, akauliza kama matokeo ya mtihani yametoka.

"Bado," Letisia alisema. "Batista, kuna jambo sikukwambia."

Akamwambia. Alimweleza wale majike wawili, uvimbe wa ukubwa wa punje, kanuni ya siku sitini, na sahihi yake. Batista alisikiliza macho yamefumbwa, na uso wake ulikuwa umeanza kuvimba tena, kwanza kope, halafu mashavu.

"Nilijua kuna kitu," alisema mwishowe. "Ile orodha ya kusubiri figo ilikuwa inatambaa, mara ikakimbia. Sikukuuliza. Ningekuuliza ungenijibu."

"Ningesubiri siku sitini, ungekufa wewe peke yako."

"Ndiyo."

Alilala kidogo, akaamka, akaomba maji, na hakuruhusiwa maji. Letisia alimlowesha midomo kwa pamba. "Tangu figo hii, nimefikisha madarasa matatu kwenye mtihani," Batista alisema, kama mtu anayejibu swali ambalo halikuulizwa. "Matatu, dada. Lakini usiseme kwamba ilikuwa sawa. Wale wengine nao wana watu wao."

Alikufa siku ya kumi na tano, saa sita mchana, wakati chakula cha wagonjwa kinagawiwa. Alipopasuliwa, mapafu yake yalikuwa yanapona.

* * *

Kati ya wale mia mbili na kumi na wawili, hadi mwisho wa mvua walikuwa wamebaki hai ishirini na sita. Letisia alipewa kazi ya kuwatafuta wale walioishi nao: wake na waume, watoto, majirani, waimbaji wenzao wa kwaya. Alienda nyumba kwa nyumba akiwapima. Wengi walikuwa salama au walikuwa na kifua kikuu kilicholala, ambacho pengine walikuwa nacho siku zote. Alianza kujiruhusu kulala.

Jina la Anyesi Chaula lilimfikia kutoka hospitali ya wilaya. Miaka kumi na miwili, Shule ya Msingi Idunduma, darasa la saba. Kifua kikuu cha ubongo, kisichosikia dawa tatu kati ya nne.

Alipeleka vimelea vya mtoto kwenye mashine ya kusomea vinasaba. Bakteria hawa hubadilika kidogo kidogo wanapozaana, kwa mwendo unaojulikana, na mashine huhesabu mabadiliko hayo kama mtu anayehesabu mafundo kwenye kamba. Walipolinganishwa na vimelea vya Batista, ambavyo Letisia mwenyewe alikuwa amevihifadhi kwenye jokofu, jibu lilitoka kabla chai yake haijapoa. Lilimtaja aliyemwambukiza, na lilitaja siku. Ilikuwa Jumanne, siku moja mbele au nyuma. Letisia alifungua kalenda, ingawa alijua. Ilikuwa siku ya kumi na tisa tangu walipokaa kwenye lile dawati.

Akachukua gari akaenda.

Anyesi alikuwa kitanda cha dirishani. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayakufuata kitu chochote. Baba yake, Chaula, dereva wa mashine ya kuchumia chai, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda na bakuli mapajani, akimnywesha uji kwa kijiko kupitia pembe ya mdomo.

"Kamwene, daktari," alisema. "Pole kwa msiba. Hatukuweza kuja, tulikuwa huku."

"Ahsante, Baba Anyesi. Anaendeleaje?"

"Anameza. Jana alikuwa hamezi." Alimfuta mtoto kidevu. "Amefaulu, unajua? A ya hesabu. Mama yake alimsomea karatasi, lakini hatujui kama alisikia. Yule mdogo wako alikuwa mwalimu."

Letisia alikuwa amepanga maneno yake njiani kote, na sasa yote yakawa mengi mno. "Ugonjwa wa Anyesi umetoka kwa Batista," alisema. "Na mimi nilijua kwamba anaumwa. Nilijua wiki tano nzima kabla sijamwambia mtu, kwa sababu aliniomba. Nimekuja kukwambia mimi mwenyewe, usije ukasikia kwa wengine."

Kijiko kilisimama.

"Mna uhakika gani?" Chaula aliuliza. "Huku kila nyumba ina mtu anayekohoa."

Akamweleza ile mashine na jinsi inavyohesabu. Alieleza vibaya, akarudia, na Chaula alimsikiliza kama mtu anayesikiliza maelekezo ya njia.

"Kwa hiyo inasema mpaka siku."

"Inasema."

"Siku gani?"

"Jumanne. Wiki mbili na siku mbili kabla ya mtihani."

Chaula aliweka bakuli sakafuni. Alikaa viganja vimeshika magoti. "Ile Jumanne ya mvua ya mawe," alisema.

"Mvua siikumbuki."

"Mimi naikumbuka. Alikuwa anawafundishia barazani siku zote hizo, watoto wakawa wanamcheka kwamba mwalimu siku hizi anasikia joto. Siku ile mawe yakaanguka, wenzake Anyesi wakakimbia makwao, wanakaa karibu. Sisi tuko mbali, ng'ambo ya msitu. Nilikuwa shambani kwenye mashine, nikampigia simu. Nikamwambia, mwalimu, huyo mtoto kifua chake hakiwezi baridi, mweke ndani mpaka nije." Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. "Akakataa. Akasema, Baba Anyesi, heri akae hapa nje nimfunike koti langu. Nikaona ni jambo la ajabu. Nikamsihi. Nilimwambia, nakuomba, mwalimu, ni mtoto wa kike peke yake kwenye mawe. Nilipofika ilikuwa saa kumi na moja. Niliwakuta ofisini, madirisha wamefunga, anamwelekeza hesabu za sehemu."

Letisia alikuwa amekuja na mzigo wake akitaka aonekane nao, na alikuwa tayari kwa matusi, hata kwa kofi. Hili hakuwa tayari nalo. Aliona tarehe aliyomletea ikimwingia mtu huyu na kutafuta mahali pa kukaa.

"Hukujua," alisema haraka. "Baba Anyesi, wewe hukujua kitu. Mimi ndiye niliyejua."

"Ni kweli."

"Ningesema, asingekuwepo shuleni siku hiyo."

"Ni kweli, daktari. Sikuondolei lako." Alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aanze kuzungumza. "Lakini ni mimi niliyepiga simu."

Muuguzi alipita, akabadilisha mfuko wa dripu, akaandika kitu, akaondoka. Anyesi alitoa sauti ndogo kooni, na wote wawili wakamgeukia pamoja. Haikuwa neno. Chaula aliinama akaokota bakuli, akauondoa utando wa uji kwa ncha ya kijiko, akaupaka ukingoni.

"Mama yake atakuja saa nane," alisema. "Mwambie yako yote, kama ulivyoniambia mimi. Atalia, na anaweza kukufukuza. Hiyo ya simu usimwambie. Hiyo iache kwangu."

Aliinua kijiko, na uji ukamwagika kwenye shuka. Letisia alivuta kiti, akaketi upande wa pili wa kitanda, akamshikia bakuli.